Kanisa la wakimbizi kule Nyabyeya

Wandugu, hapa Mulago ukitaja neno "mkimbizi", watu wanafikiria Mkongo, Mrundi, Msudani Kusini ao Msomali. Vijana wachache wanajua kama Uganda ilishapokea wakimbizi kutoka Ulaya, na kanisa lao lingali limesimama.

Mwaka 1939 Polandi ilivamiwa na Ujerumani upande mmoja, Umoja wa Kisovyeti upande mwingine. Kuanzia 1940 Wasovyeti walitoa familia majumbani kwa nguvu, wakazipeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa njaa na baridi. Mwaka 1942 sehemu ya waliobaki wakavuka mpaka Iran, na baadaye meli zikaleta wengine huku Afrika Mashariki, zaidi akina mama na watoto. Baba zao na kaka zao walikuwa jeshini.

Uganda iliwaweka sehemu mbili: Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Nyabyeya, kijiji karibu na msitu wa Budongo, wilaya ya Masindi. Wote pamoja walikuwa karibu 7,000.

Kule Nyabyeya walikuwa na shule zao, mashamba yao na mapadri wao. Kati ya 1943 na 1945 wakajenga kanisa la kudumu, la Bikira Maria Malkia wa Polandi. Hebu fikiria: watu wanaosubiri kurudi kwao, lakini wanajenga kitu cha kudumu.

Vita iliisha 1945, ila wengi hawakurudi, maana vijiji vyao vilikuwa vimeingia ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Kule Penrhos, sehemu ya mashambani huko Wales, Wapolandi waliokosa kwao walianzisha kijiji chao mwaka 1949, ndani ya kambi ya zamani ya jeshi la anga, na kanisa humo humo.

Leo Waganda wa Nyabyeya wanasali ndani ya kanisa lile. Makaburi ya Wapolandi ambao hawakupata kuondoka yako palepale.

Kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, mara nyingi mnatuuliza tutakaa hapa muda gani kabla ya kukubali mradi wa shule ao maktaba. Wale wa Nyabyeya hawakuwa na jibu pia. Walijenga hivyo hivyo, na zaidi ya miaka 75 tangu waondoke, kijiji bado kinatumia.