Saa za Mwalimu: Historia ya Mzigo wa Kazi katika Shule za Msingi Tanzania Bara

Ratiba ya shule huhesabu vipindi tu, lakini kazi ya mwalimu wa shule ya msingi Tanzania Bara haijawahi kuishia kwenye vipindi. Kabla ya kuingia darasani, mwalimu hutakiwa kuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, pamoja na andalio la somo, ambalo huonyesha hatua za kipindi kimoja. Baada ya kutoka, humsubiri rundo la madaftari. Mwalimu mwenye wanafunzi 45 anayetoa zoezi katika masomo matatu hukusanya madaftari 135, na hata akitumia dakika mbili tu kwa kila moja, kazi hiyo humchukua saa nne na nusu.

Juu ya msingi huo, sera za taifa ziliongeza majukumu kwa awamu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, ililenga kuunganisha masomo na kazi za uzalishaji, hivyo mwalimu akawa pia msimamizi wa shamba, bustani na mifugo ya shule. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, shule za msingi zilifanywa vituo vya kisomo, yaani mafunzo ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, na walimu wengi waliofundisha watoto asubuhi wakawafundisha wazazi wao alasiri.

Awamu iliyobadilisha hali kwa kiwango kikubwa zaidi ilianza Novemba 1974, pale Azimio la Musoma la chama cha TANU lilipoagiza Elimu ya Msingi kwa Wote itimizwe kufikia mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa awali. Kwa kuwa vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa wakiwa kazini kwa miaka mitatu, wakifundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu nyingine, kwa msaada wa masomo ya posta na redio. Siku yao ilikuwa na kazi mbili, na walimu wazoefu waliowaongoza walipata mzigo mwingine usioonekana kwenye ratiba. Penye uhaba wa vyumba, madarasa ya chini yaligawanywa kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine baadaye, na mara nyingi mwalimu alikuwa yuleyule.

Hali hiyo ilijirudia chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002 baada ya ada kufutwa: wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 6.5 hivi mwaka 2003, wakati idadi ya walimu haikukua kwa kasi hiyo.

Historia hii inaonyesha kwamba mzigo wa mwalimu haukutokana na uzembe wa kupanga muda, bali na desturi ya kila kampeni kumkabidhi jukumu jipya bila kumwondolea la zamani. Kwa hiyo, mjadala wowote wa saa za kazi unaohesabu vipindi pekee unaacha nje sehemu kubwa ya kazi yenyewe.