Ngata, Keria na Kiti: Historia Fupi ya Wabebaji wa Uluguru

Miezi michache iliyopita nilikodi bodaboda pale Sangasanga, kwenye njiapanda ya barabara ya Iringa, nikapanda kwenda Mgeta msibani. Wanaoijua njia ile hawahitaji kusimuliwa kona zake wala mawe yake. Nilishuka nikitarajia maumivu ya kiuno niliyoyazoea, nayo hayakuja. Nilipomuuliza kijana aliyenibeba, alicheka, akakipigapiga kiti cha pikipiki yake kwa kiganja. "Hiki nimekitengeneza mwenyewe nyumbani, mwalimu. Kile cha kiwandani hakikuujua mlima huu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikitazama kiti cha pikipiki kama hati ya kihistoria. Naomba msomaji anivumilie, kwa maana nia yangu si mzaha.

Tuanze na kazi yenyewe. Kiti kinachotoka kiwandani aghalabu huwa na sponji laini, nacho huinama kuelekea kwenye tangi la mafuta. Kwa safari fupi ya lami tambarare hakina lawama. Dereva wa Uluguru hukikalia tangu alfajiri hadi giza liingie, na nusu ya safari zake ni mteremko. Abiria na tenga la nyanya humsukuma kutoka nyuma, naye huteleza mbele hadi mapaja yabanwe na tangi. Mikono inayopaswa kucheza na breki hugeuka nguzo za kuuzuia mwili. Sponji nayo huchoka upesi, na baada ya muda mtu hukaa juu ya plastiki tupu.

Kijana yule alikifungua kiti, akang'oa pini za kava na kuitupa sponji ya zamani. Alitafuta vipande vya godoro gumu, akavipanga kwa gundi. Mbele alipainua kidogo ili kuumaliza ule mwinamo, katikati akachonga bonde pana la kupokea uzito, na nyuma akaongeza tabaka kwa ajili ya abiria. Alichonga, akakaa, akainuka, akachonga tena, jioni tatu mfululizo. Mara ya kwanza alikosea kwa kuinua mno: nyayo zake hazikukanyaga chini sawasawa, na mlimani dereva asiyefika chini yu karibu na kuanguka. Akapunguza. Mwisho fundi makochi wa mtaani kwao alimshonea kava jipya, mshono ukawekwa pembeni ili mvua isipenye hadi kwenye sponji.

Nilimuuliza kwa nini hakufanya hivyo mapema. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike. Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Kila siku alipeleka hesabu kwa tajiri, na mpaka siku ya mwisho ya mkataba chombo hakikuwa chake. Tajiri hakutaka kiguswe. Mgongo uliumia juu ya mali ya mtu mwingine, na kuuponya kungeitwa uharibifu wa mali hiyo. Alipokabidhiwa kadi ya pikipiki, kitu cha kwanza alichofanya ni kukifungua kiti.

Historia ya kijana huyu ni ndefu kuliko umri wake. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, lakini haikupanda mlima. Mazao ya Uluguru yaliendelea kushuka kwa vichwa na mabega ya watu, na sehemu kubwa ya mzigo huo waliibeba wanawake. Kati ya kichwa na mzigo palikuwa na ngata: kitambaa, au majani yaliyosokotwa yakafanywa duara. Hakuna mhandisi aliyeichora ngata, wala hakuna serikali iliyoisajili. Iliundwa na waliokuwa wakiumia, kwa kipimo cha vichwa vyao wenyewe.

Neno bodaboda nalo lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960. Waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka walifunga mto juu ya keria ya nyuma, na kile chuma kilichokusudiwa kubeba mizigo kikawa kiti cha abiria. Tunaweza kusema kwamba usafiri huu, ambao leo unalisha maelfu ya kaya za Afrika Mashariki, ulianza kwa marekebisho ya kiti yaliyofanywa na watumiaji. Pikipiki ilikuja baadaye, ikaurithi mto pamoja na jina.

Sasa tuangalie upande wa pili, wa mambo yaliyobuniwa kwa niaba ya watu bila kuwauliza. Morogoro ina mifano miwili mikubwa. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na Waluguru wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Mahali pengi kazi ilikuwa ngumu na mavuno hayakuifidia, kwa sababu udongo mwembamba wenye rutuba ulifukiwa na ule usio na rutuba ukaletwa juu. Mwaka 1955 wananchi na polisi waligongana huko Matombo, mtu akauawa, na mpango ukavunjika.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe, baada ya uhuru. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha viatu cha Morogoro kilianzishwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kuzalisha jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Jengo lenyewe halikufaa kwa joto la mji huu. Uzalishaji haukufikia hata sehemu ya kumi ya lengo, na kufikia mwaka 1990 ulikuwa umekoma. Katika mji ambao ungeshona viatu vya Wazungu, fundi makochi leo anashona kava la pikipiki kwa ngozi bandia iliyoagizwa kutoka nje.

Sisemi kwamba kila kinachobuniwa na mwananchi ni chema. Sindano ile ile inayouponya mgongo hurefusha kiti ili kibebe watu watatu, na mishikaki imetuachia majeruhi na makaburi. Kanuni za leseni za pikipiki zinaruhusu abiria mmoja, na hapo nasimama upande wa kanuni. Ninachohoji ni kwamba sheria inamhesabu abiria, inaitazama kofia ngumu na leseni, kisha haimuulizi dereva anakaaje kwa saa kumi na mbili. Dereva aliyechoka mgongo huchelewa kukanyaga breki. Tukilijua hilo, kiti nacho ni suala la usalama barabarani.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaoandika sheria ndogo za vituo vya bodaboda, na ninyi wanafunzi wa SUA, Mzumbe na VETA Kihonda mnaotafuta mada za utafiti, maarifa haya yako umbali wa nauli moja tu. Nanyi wanaharakati mnaozungumzia haki za vijana, isomeni mikataba ya pikipiki. Muulize ni kifungu gani kinachomruhusu dereva kuweka godoro chini yake kabla hajamaliza deni.

Kijana wangu wa Mgeta sasa ana kazi ya pili. Wenzake wa kijiweni humletea viti vyao jioni. Aliniambia kwamba hakubali kiti kije peke yake, lazima mwenyewe aje nacho. Kabla ya kushika kisu, humwambia akae kwanza.