Bega kwa Bega: Ngoma za Kigiriki na Muziki wa Filamu katika Piano kwa Mikono Minne

Maonyesho ya piano kwa mikono minne, yaani yale ambamo wapigaji wawili huketi mbele ya piano moja, mara nyingi huzipa ngoma za Kigiriki heshima ya urithi na kuuacha muziki wa filamu uje mwishoni kama kiburudisho cha kuwaagia wasikilizaji. Mgawanyo huo hauna msingi, na hoja ya makala haya ni kwamba mikono minne yenyewe ndiyo inayouvunja, kwa sababu picha, mavazi na mandhari vikishaondolewa, kinachobaki kukitofautisha kipande kimoja na kingine ni mwendo wa mapigo yake, wala mapigo hayaulizwi yalizaliwa kijijini au studioni. Kiswahili kina bahati katika jambo hili, kwa kuwa neno ngoma hubeba mchezo, mdundo na chombo kwa pamoja.

Sirtaki, ambayo watu wengi duniani huidhania kuwa ngoma ya kale, haikuwapo kabla ya filamu ya Zorba the Greek ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Michael Cacoyannis, ambamo hatua zake zilipangwa na Giorgos Provias na muziki ukatungwa na Mikis Theodorakis. Hata hivyo haikuzuka hewani: sehemu yake ya polepole hufuata hasapiko, ngoma ya mjini ambayo jina lake hutokana na wachinjaji, na sehemu ya kasi ina asili yake katika mahadhi ya Giorgis Koutsourelis, mwanamuziki wa kisiwa cha Krete. Kwa upande wa pili, Nikos Skalkottas, aliyeandika Ngoma 36 za Kigiriki kwa ajili ya okestra kati ya mwaka 1931 na 1936, alichukua mahadhi mengi kwa wananchi lakini mengine aliyatunga mwenyewe, na msikilizaji asiyeambiwa hawezi kuyatenga kwa urahisi. Manos Hadjidakis naye, ambaye wimbo wake katika filamu ya Never on Sunday ya mwaka 1960 ulipata tuzo ya Oscar, ndiye aliyetoa mhadhara mjini Athens mwaka 1949 kuutetea muziki wa rebetiko, muziki wa tabaka la chini mijini uliokuwa ukidharauliwa na wasomi, na ndiye pia aliyegeuza nyimbo sita za rebetiko kuwa vipande vya piano. Mkono ulioandika kwa ajili ya sinema ndio ulioandika kwa ajili ya ukumbi.

Mikono minne ilikwisha kulijua jambo hili zamani. Johannes Brahms alipochapisha Ngoma za Kihungaria mwaka 1869, zikiwa kwanza kabisa za piano kwa mikono minne, aliamini kwamba anapanga mahadhi ya wananchi, kumbe ile ya tano, iliyo mashuhuri kuliko zote, ilikuwa na mtunzi wake aliyeitwa Béla Kéler.

Kinachostahili kuchunguzwa zaidi, basi, si asili ya kipande bali kazi inayofanyika kwenye vitufe. Kalamatianos ni mfano mwema: kila kipimo chake kina mapigo saba yaliyofungwa matatu, mawili na mawili, nayo miguu ya wachezaji huyasikia kama hatua moja ndefu na mbili fupi. Mpigaji wa chini, yaani anayeketi upande wa besi, hugonga nota nzito katika pigo la kwanza, kisha nota za pamoja zilizo nyepesi katika la nne na la sita, na hapo ndipo kipande kinapopona au kufa. Akihesabu moja hadi saba kwa usawa, ngoma hugeuka zoezi la hesabu. Akiliacha pigo la kwanza lipumue na kuyachukua yale mafupi kama mtu anayenyanyua kisigino, mwenzake wa juu hupata sakafu ya kukanyagia. Pedali ya kulia, ambayo kwa kawaida huwa chini ya mguu wa huyo wa chini, haina budi kutumiwa kwa uchache sana, kwa kuwa sauti ikirefushwa huifunika nafasi iliyo kati ya mapigo, na nafasi hiyo ndiyo ngoma yenyewe.

Kosa la wapangaji wengi ni kutaka piano iwe buzuki, kile chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu, kwa kujaza mkono wa juu tremolo, yaani kurudiarudia nota moja upesi sana. Buzuki hupata uhai wake kwenye ncha ya kibao kinachokwaruza uzi, ilhali nyundo ya piano inapoharakishwa hivyo hutoa kelele ya kuchosha bila ukali ule. Mpangilio mzuri huiacha sauti ya buzuki na kuchukua jambo ambalo piano inaliweza, nalo ni ukaribu wa miili miwili. Katika hasapiko wachezaji hushikana mabega ili mabadiliko yapite kutoka kwa mtu hadi mtu bila neno. Katika muziki wa Zorba, unaoanza kwa uzito na kuzidi kasi hadi mwisho, wapigaji wawili wasio na kiongozi wa okestra hutegemea bega na pumzi zilezile. Hapo mikono minne haiigi ngoma, bali inaicheza.

Zeibekiko huijaribu hoja hii vikali zaidi, kwa kuwa kwa desturi ni ngoma ya mtu mmoja, yenye mapigo tisa mazito, na hatua zake hubuniwa papo hapo. Wapigaji wawili wakiigawana sawasawa huiharibu. Jibu linapatikana katika namna inavyochezwa, kwani mchezaji anaposimama peke yake rafiki zake hupiga goti kumzunguka na kumpigia makofi, bila kumwongoza wala kumharakisha. Mpigaji wa chini anayejua nafasi hiyo huiweka besi yake nyuma ya mwenzake, na katika mapigo matatu ya kufungia kipimo husubiri mpaka aone mkono wa jirani yake umeanza kushuka.