Chuo cha Spelman na Mamlaka juu ya Elimu ya Mwanamke Mweusi, 1881–1997

Chuo cha Spelman, kilichopo katika jiji la Atlanta, jimbo la Georgia nchini Marekani, ni kimoja kati ya vyuo viwili tu vya wanawake vilivyosalia katika kundi la vyuo vya kihistoria vya watu Weusi, yaani vile ambavyo sheria ya nchi hiyo inavitambua kuwa vilianzishwa kabla ya mwaka 1964 kwa madhumuni ya kuwasomesha Wamarekani wenye asili ya Afrika. Cha pili ni Chuo cha Bennett kilichopo Greensboro, North Carolina, ambacho kilianza mwaka 1873 kikiwapokea wanaume na wanawake, kikageuzwa kuwa cha wanawake peke yao mwaka 1926. Vyote viwili hufuata mfumo wa elimu ya sanaa huria, ambamo mwanafunzi husoma fasihi, historia, falsafa, hisabati, sayansi na lugha kwa pamoja ili kuipanua akili yake, badala ya kuandaliwa tangu mwanzo kwa kazi moja mahususi. Wazo kwamba binti wa mtumwa anastahili elimu ya namna hiyo halikukubaliwa kirahisi, na ndiyo maana historia ya Spelman, ingawa mara nyingi husimuliwa kama historia ya wafadhili wakarimu, inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama mvutano wa zaidi ya karne moja juu ya nani aamue mwanamke Mweusi asome nini, na nani aketi katika kiti cha kuamua.

Ili kupima uzito wa jambo hilo inafaa kukumbuka kwamba sheria ya Georgia ya mwaka 1829 ilifanya kuwa kosa kumfundisha mtumwa, au hata mtu Mweusi aliye huru, kusoma na kuandika. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu walioachwa huru walimiminika kwenye kila darasa lililofunguliwa, vijana kwa wazee, na makanisa yao ndiyo yaliyokuwa majengo ya kwanza waliyoweza kuyaita yao na kuyageuza shule. Hata hivyo, nafasi za wasichana na wanawake zilibaki finyu, kwani seminari ya Kibaptisti iliyokuwapo Atlanta, ambayo baadaye ilikuja kuwa Chuo cha Morehouse, ilikuwa ya wanaume na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaandaa wachungaji na walimu.

Katika hali hiyo walifika Sophia B. Packard na Harriet E. Giles, walimu wawili Wazungu kutoka Massachusetts, ambao walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Packard, aliyezaliwa mwaka 1824, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wanawake wa Kibaptisti cha misheni ya ndani ya nchi kilichoundwa mwaka 1877, na mwaka 1880 alizuru majimbo ya Kusini akajionea jinsi wanawake walivyokosa shule. Tarehe 11 Aprili 1881 wawili hao walifungua darasa lao katika chumba cha chini ya ardhi cha Kanisa la Kibaptisti la Friendship, wakiwa na mtaji wa dola 100 uliotolewa na kanisa moja la mji wa Medford huko kwao, na wakiwa na wanafunzi 11, wengi wao wakiwa wanawake wazima waliozaliwa utumwani na ambao haja yao ya kwanza ilikuwa kuweza kuisoma Biblia wenyewe. Chumba kilikuwa na giza na unyevunyevu, na wanafunzi walipoongezeka, Giles alilazimika kulihamishia darasa lake kwenye kijichumba cha kuhifadhia makaa ya mawe. Ndani ya miezi mitatu walikuwa wamefika 80.

Mtu ambaye simulizi nyingi humpita haraka ni mchungaji wa kanisa hilo, Frank Quarles, ambaye waumini walimwita Baba Quarles. Yeye ndiye aliyewapokea walimu hao wageni, akawapa chumba, akawatangazia wanafunzi miongoni mwa makanisa ya watu Weusi, na kabla mwaka 1881 haujaisha alifariki dunia akiwa katika safari ya kuitafutia shule fedha katika majimbo ya Kaskazini. Bila imani ambayo jamii ya watu Weusi wa Atlanta ilikuwa nayo kwake, fedha za Medford zisingempata hata mwanafunzi mmoja, na ni haki kusema kwamba Spelman ina waasisi watatu.

Mvutano wa kwanza juu ya mamlaka haukuchelewa. Mwaka 1883 shule ilihamia kwenye eneo la ekari tisa lenye majengo matano ya mbao yaliyokuwa kambi ya askari wa Serikali Kuu baada ya vita, lakini eneo hilo lilikuwa na deni, na viongozi wa chama kikuu cha misheni cha Kibaptisti, ambao walikuwa wanaume, waliona njia rahisi ni kuiunganisha shule ya wanawake na ile ya wanaume. Packard na Giles walikataa, kwa hoja kwamba katika shule ya pamoja mahitaji ya wanawake yangewekwa nyuma, na waliposhikilia msimamo huo walijitwika mzigo wa kulilipa deni. Makanisa ya watu Weusi wa Georgia yalichanga kutoka katika mapato yao madogo. Upande mwingine alikuwapo John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta, ambaye mwaka 1882 aliwasikia walimu hao wakizungumza katika kanisa moja huko Cleveland, Ohio, na akaahidi dola 250. Mwezi Aprili 1884 alifika Atlanta pamoja na mkewe Laura Spelman, dada wa mkewe na mama mkwe wake, na baada ya kuiona kazi akalimaliza deni lililobaki. Shule ikapewa jina la Seminari ya Spelman, kwa heshima ya Laura na wazazi wake, Harvey Buel Spelman na Lucy Henry Spelman, ambao walikuwa wamepigania kukomeshwa kwa utumwa. Hivyo shule iliyookolewa isimezwe ikabaki na jina la familia ya mfadhili, wakati michango ya makanisa haikuacha jina la mtu yeyote juu ya mlango.

Fedha hizo zilikuja na mwelekeo wake. Wafadhili wengi wa wakati ule, ukiwamo Mfuko wa Slater ulioanzishwa mwaka 1882, walipendelea kile kilichoitwa elimu ya viwanda, yaani mafunzo ya kazi za mikono, na kwa wasichana hiyo ilikuwa na maana ya ushonaji, upishi, ufuaji na utunzaji wa nyumba. Spelman iliyafundisha hayo yote, na haifai kuyadharau, kwa kuwa kwa mwanamke aliyetoka utumwani ujuzi wa kujipatia riziki ulikuwa sehemu ya uhuru wake. Lakini ndani ya elimu hiyo hiyo ya mikono zilipenyezwa kazi ambazo wafadhili hawakuwa wamezizoea kwa wanawake Weusi. Mwaka 1885 shule ilianza kuchapa jarida lake, Spelman Messenger, na wanafunzi wenyewe ndio waliopanga herufi za chuma moja baada ya nyingine na kuendesha mtambo, wakijifunza kwa vidole vyao tahajia na nidhamu ya maandishi ambayo mama zao walikuwa wamekatazwa kwa sheria. Katika miaka hiyo hiyo yalianzishwa mafunzo ya uuguzi chini ya Dkt. Sophia B. Jones, mwanamke Mweusi mzaliwa wa Kanada aliyehitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1885, ambaye ndiye mwalimu Mweusi wa kwanza katika historia ya Spelman. Kuwapo kwake mbele ya darasa kuliwaonyesha wasichana jambo ambalo mtaala haukuwa umeliandika popote.

Kipo pia kipande cha historia hii kinachoigusa Afrika moja kwa moja, na ambacho hakijapewa uzito unaostahili katika bara lenyewe. Nora Antonia Gordon, aliyehitimu mwaka 1888, alisafiri mwaka uliofuata kwenda kufanya kazi ya umisionari katika eneo la Kongo ya Chini, karibu na mwambao wa Atlantiki, na mwaka 1890 akafuatwa na mwenzake Clara Howard. Mwaka 1902 mhitimu mwingine, Emma DeLany, alifika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, akajiunga na misheni ya Providence Industrial Mission huko Chiradzulu, iliyoanzishwa na mchungaji John Chilembwe, yule yule ambaye mwaka 1915 aliongoza uasi dhidi ya utawala wa Waingereza na kuuawa. DeLany aliondoka mwaka 1905, na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, Daniel Malekebu, alimfuata hadi Marekani, akasomea udaktari, akamwoa Flora Zeto, mzaliwa wa Kongo aliyesoma Spelman, na mwaka 1926 mume na mke hao walirejea Chiradzulu kuifufua misheni ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga baada ya uasi. Ni kweli kwamba wanawake hao walikwenda Afrika wakiwa na mawazo ya kimisionari ya zama zao, ambayo mara nyingi yaliliona bara kama giza linalosubiri nuru. Lakini walikwenda pia wakiwa watu Weusi waliosoma, na katika makoloni ambako elimu ya Mwafrika ilipimwa kwa kijiko, mfano huo ulikuwa na nguvu ambayo watawala waliiona mapema na kuiogopa.

Hatua ya kuwa chuo kamili ilikuwa ya polepole. Shahada za kwanza zilitolewa mwaka 1901 kwa wanawake wawili, Jane Anna Granderson na Claudia Turner White, ambao walilazimika kuchukua masomo yao mengi katika chuo jirani cha wanaume kwa sababu Spelman haikuwa na walimu wa kutosha wa ngazi hiyo. Jina la Chuo cha Spelman lilipatikana mwaka 1924, na mwaka 1929 Spelman, Morehouse na Chuo Kikuu cha Atlanta vilitia saini mapatano ya ushirikiano yaliyoviwezesha kushirikiana katika ufundishaji bila chuo chochote kupoteza uhuru wake, jambo ambalo Packard na Giles walikuwa wamelipigania miaka 46 kabla. Wakati huo mkuu wa chuo alikuwa Florence Read, aliyeanza kazi mwaka 1927 na kukaa hadi 1953. Yeye aliifunga shule ya msingi, shule ya sekondari na mafunzo ya uuguzi ili nguvu zote zielekezwe kwenye sanaa huria, na akakijengea chuo akiba ya mtaji iliyopita dola milioni 3. Uamuzi wa kuwafungia milango wasichana wadogo ulikuwa mgumu na bila shaka uliwaumiza baadhi ya wazazi wa Atlanta, ila bila huo Spelman ingebaki shule ya kila kitu isiyofika mbali katika lolote.

Katika kipindi hicho Spelman ilikuwa pia mahali pa mila kali. Wanafunzi waliomba ruhusa ili kutoka nje ya uzio, na katika sherehe rasmi walivaa gauni jeupe, desturi ambayo ingali hai hadi leo. Malezi hayo ya kumfanya binti awe mstaarabu na mwenye staha yalikuwa kinga dhidi ya jamii ya Wazungu iliyomdhalilisha mwanamke Mweusi kila siku, lakini yalikuwa pia kamba, na kizazi cha miaka ya 1950 kilianza kuuhisi mkazo wake. Tarehe 9 Machi 1960 magazeti ya Atlanta yalichapisha tangazo lililolipiwa, lenye kichwa kilichosema ni rufaa kwa ajili ya haki za binadamu, lililotiwa saini na viongozi wa wanafunzi wa vyuo sita vya watu Weusi vya jiji hilo. Mwandishi wake mkuu alikuwa Roslyn Pope, rais wa serikali ya wanafunzi wa Spelman, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amesoma Paris na kuonja maisha ya mji usiomtenga kwa rangi yake. Gavana wa Georgia, Ernest Vandiver, alidai kwamba maandishi yale hayakuonekana kuwa yameandikwa nchini humo, na kwa kauli hiyo alikiri bila kukusudia kwamba hakuwahi kudhani mwanafunzi Mweusi anaweza kuandika hivyo. Siku sita baadaye wanafunzi wapatao 200 waliingia katika migahawa ya Wazungu na kuketi wakingoja kuhudumiwa, aina ya mgomo wa amani uliokuwa ukienea Kusini yote. Ruby Doris Smith, mmoja wa wanafunzi wa Spelman, alifungwa siku 30 huko Rock Hill, South Carolina, mwaka 1961, na mwaka 1966 akawa katibu mtendaji wa kamati kuu ya wanafunzi waliopigania haki za raia. Alifariki mwaka uliofuata akiwa bado kijana.

Uongozi wa chuo haukuwa na raha na mambo hayo. Albert Manley, ambaye mwaka 1953 alikuwa mtu Mweusi wa kwanza na pia mwanamume wa kwanza kukiongoza chuo, alimwondoa kazini mwaka 1963 Howard Zinn, mwalimu wa historia aliyesimama upande wa wanafunzi, na muda si mrefu mwanafunzi aliyeitwa Alice Walker, ambaye dunia ingemjua baadaye kwa riwaya zake, alihamia chuo kingine. Manley alikuwa na hofu ya kweli juu ya usalama wa wasichana waliokabidhiwa kwake na juu ya fedha za chuo, lakini wasichana wenyewe walikuwa wameshajipimia hatari hiyo.

Swali la uongozi lilifika kileleni mwaka 1976, bodi ya wadhamini ilipomteua Donald Stewart, mwanamume, kumrithi Manley. Wanafunzi waliwafungia wadhamini ndani ya chumba cha mkutano kwa zaidi ya siku nzima, wakidai mwanamke Mweusi apewe nafasi hiyo. Uteuzi haukubadilishwa, na Stewart alikiongoza chuo kwa miaka kumi, ambamo mwaka 1981 kilianzishwa kituo cha utafiti juu ya wanawake chini ya Beverly Guy-Sheftall, kilicholifanya somo la maisha ya mwanamke Mweusi kuwa taaluma yenye mtaala wake. Mwaka 1987, miaka 106 tangu darasa la chini ya Kanisa la Friendship, Johnnetta Cole, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Jacksonville, Florida, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kukiongoza. Mwaka 1997 alimpisha Audrey Forbes Manley, daktari wa watoto aliyehitimu hapo hapo mwaka 1955, na kwa mara ya kwanza kiti hicho kikakaliwa na mtu ambaye alikuwa ameketi katika madawati ya Spelman.