Udongo Mweusi wa Mlimani na Udongo Mweusi wa Mbugani

Baadhi ya maneno humpotosha mfasiri kwa sababu ni mepesi mno. "Udongo mweusi" ni mojawapo. Halina kosa la sarufi wala ugeni wowote. Lakini likiandikwa katika kijitabu cha ujenzi, cha afya au cha kilimo kitakachosomwa mkoani Kilimanjaro, msomaji wa Marangu na yule wa Kahe watafahamu vitu viwili vyenye tabia zinazopingana.

Udongo wa miteremko ya Kilimanjaro umetokana na majivu na miamba ya volkano. Juu, penye baridi na mvua nyingi, ni mweusi au wa kahawia iliyokolea, mwepesi mkononi, nao hunywa maji upesi. Chini yake hufuata udongo mwekundu, wenye kina kirefu na ulioshikamana. Wachaga waliujua ushikamano huo kabla ya mhandisi yeyote kufika. Zama za vita vya watawala wa mlimani na mashambulizi ya Wamasai, walichimba mahandaki ya kujificha wao na mifugo yao. Handaki la namna hiyo haliwezekani katika udongo usiojishikilia. Juu ya udongo huohuo wakastawisha kihamba, yaani migomba, na baadaye kahawa, kuizunguka nyumba, wakikinywesha kwa mifongo iliyoleta maji kutoka mabonde ya juu. (Wafasiri wanaoandika "bustani" au "shamba" badala ya kihamba wakumbuke kwamba kwa Mchaga shamba ni lile la tambarare, mbali na nyumbani.)

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji mpya ukakua kando yake, chini ya Moshi ya kale. Kusini mwa mji huo, kuelekea Mabogini na Kahe, ndiko uliko udongo mweusi wa pili. Masika huvimba na kunata. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono hupenya. Msingi uliojengwa juu yake huinuliwa na kushushwa mwaka hadi mwaka, na kuta hufa kwenye pembe za madirisha. Fundi mzoefu huondoa tabaka hilo jeusi, akajaza moramu na kuishindilia, kisha akaufunga msingi kwa mkanda wa zege. Karo la choo nalo lina taabu yake: udongo ukishavimba, shimo linalopokea maji ya karo halinyonyi tena, na uchafu hurudi juu. Mlimani hatari ni kinyume chake. Maji huzama upesi mno, na shimo lililochimbwa ovyo juu ya chemchemi huweza kuwanywesha uchafu walio chini.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya mamilioni ya wananchi kusikiliza redio katika vikundi, na vyoo vya shimo vikachimbwa kwa wingi nchi nzima. Ilikuwa kazi kubwa, nami siidharau. Hata hivyo mtu wa Marangu na mtu wa Kahe walisikia redio moja, na majembe yao hayakukuta udongo mmoja. Mbugani kuta za shimo hubomoka, na mahali pengi maji ya ardhini yako karibu. Huko hapana budi kulijengea shimo kuta, au kukiinua choo. Maelekezo yanayosema "chimba katika udongo" tu hayajasema neno.

Majina ya kigeni nayo yanatega. Wataalamu huita ule wa mlimani andosoli, jina lililotoka Kijapani, na maana yake ni udongo mweusi! Ule wa tambarare ni vertisoli, kutoka neno la Kilatini la kugeuka, kwa kuwa vumbi la juu huanguka nyufani na udongo ukajipindua wenyewe. Waingereza waliuita kwa jina la pamba, kwa kuwa huko India pamba hulimwa juu yake. Basi wako wanaoandika "udongo wa pamba", na mkulima wa Kahe, asiye na pamba, hushangaa. Ajabu ni kwamba Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani huko Usambara, aliyeeleza mwaka 1935 jinsi aina za udongo zinavyofuatana mteremkoni kama pete za mnyororo, aliliandika neno letu la mbuga katika Kiingereza chake. Yeye aliazima kwetu. Sisi twaazima India.

Kwa hiyo naona "udongo wa mbuga" lishike nafasi ya vertisoli, na "udongo wa volkano" lishike ile ya andosoli, rangi ikibaki sifa tu. Pingamizi ninalolijua ni moja, nalo si dogo: kwa wasomaji wengi wa mijini mbuga ni mahali pa kutazamia tembo. Ndiyo maana yafaa jina liandikwe kamili, wala si "mbuga" peke yake, na linapotajwa mara ya kwanza liongezwe "uvimbao kwa mvua na kupasuka kwa jua".