Mtihani wa Matabibu wa Baghdad

Mwaka 319 Hijria (931 Miladia) Khalifa al-Muqtadir alifikiwa na khabari kwamba mtu mmoja mjini Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu yeyote ila aliyetahiniwa na tabibu wake, Sinan bin Thabit. Waliotahiniwa walizidi 860. Mzee mmoja, asimulia Ibn al-Qifti, alikiri kuwa hajui kusoma wala kuandika. Sinan akamwachia maradhi mepesi tu, na akamkataza kumtibu mgonjwa kwa asilolijua.

Lakini waliokwisha kuwa mashuhuri, na waliomtumikia Sultani, hawakuulizwa kitu. Hapo tunasita. Hadithi aliyoipokea Abu Daud inamdhaminisha anayetibu hali hajulikani kwa utabibu, na mafakihi wakasema kuwa hata mjuzi akivuka mpaka hulipa. Kuwamo katika jumba la mfalme si elimu.

Mwaka 372 Hijria (982 Miladia) ilifunguliwa Baghdad bimaristani ya Adud al-Dawla, ambamo wagonjwa walitibiwa na tiba ikasomeshwa. Wanaopima leo usalama wa wagonjwa katika hospitali za kufundishia tunawauliza: mwanafunzi hutahiniwa, bingwa anayemsomesha hupimwa na nani?