Jinsi ya kuchagua kidhibiti volteji kwa vifaa vidogo vya elektroniki

VIFAA vingi vidogo vya elektroniki havistahimili umeme unaopanda na kushuka. Betri ya sola au ya gari huitwa ya volti 12, lakini hufikia zaidi ya volti 14 inapochajiwa na hushuka chini ya 12 inapokaribia kuisha. Kifaa cha volti 5 kikiunganishwa nayo moja kwa moja, huenda kikaungua papo hapo.

Kinachohitajika katikati ni kidhibiti volteji, ambacho mafundi hukiita regyuleta. Kazi yake ni kupokea volti zinazobadilika na kutoa kiwango kimoja kisichoyumba.

Kabla ya kununua, fundi anapaswa kujua mambo matatu: volti zitakazoingia, volti ambazo kifaa kinahitaji, na idadi ya ampea ambazo kifaa huvuta kinapofanya kazi kwa nguvu zote.

Kuna aina kuu mbili za vidhibiti. Ya kwanza hupunguza volti kwa kugeuza ziada kuwa joto. Maarufu katika kundi hili ni 7805, chenye miguu mitatu. Tarakimu 78 huashiria volti chanya, na mbili za mwisho ni kiwango kinachotolewa. Hivyo 7805 hutoa volti 5, na 7812 hutoa volti 12. Vile vinavyoanza na 79 ni vya volti hasi na mpangilio wa miguu yake ni tofauti, kwa hivyo haviwezi kutumika badala ya vile vya 78.

Kidhibiti cha 7805 huhitaji kupokea angalau volti 7 ili kitoe 5. Hata hivyo, volti zikizidi sana, joto huwa tatizo. Mathalan, kikipokea volti 12 na kutoa 5 kwa kifaa kinachovuta nusu ampea, volti 7 za ziada hugeuka kuwa wati 3.5 za joto. Bila bamba la alumini la kukipoza, kidhibiti hicho hupata joto kupindukia na kujizima.

Aidha, kawi nyingi hupotea. Kati ya wati 6 zinazotoka kwenye betri, ni wati 2.5 pekee zinazofikia kifaa.

Aina ya pili hukata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa huku koili ikihifadhi kawi. Mfano ni LM2596, ambacho hufanya hivyo mara 150,000 kwa sekunde na huweza kutoa hadi ampea 3. Iwapo asilimia 85 ya kawi inafikia kifaa, betri hutoa takriban robo ampea badala ya nusu.

Tofauti hiyo si ndogo. Betri ya asidi ya ampea-saa 7 haifai kutumiwa kupita nusu ya uwezo wake, la sivyo itaharibika mapema. Kwa 7805, nusu hiyo hudumu saa 7. Kwa aina ya pili, hudumu takriban saa 14. Kwa familia inayotegemea sola, kifaa kilichowashwa saa moja jioni kitazimika saa nane usiku au kitafika asubuhi, kutegemea kidhibiti kilichochaguliwa.

Hata hivyo, aina ya pili huzua mitetemo ya umeme inayoweza kuvuruga redio na vipimo vyepesi. Pale tofauti ya volti ni ndogo na kifaa huvuta umeme kidogo, aina ya kwanza ingali bora na rahisi kuunganisha.

Kwa vifaa vya volti 3.3, wengi hutumia AMS1117. Kidhibiti hiki huhitaji zaidi ya volti moja juu ya kile kinachotoa, hivyo betri ya lithiamu ya volti 3.7 haikitoshi. MCP1700 hufaa zaidi kwa vifaa vinavyovuta umeme kidogo, mradi volti zinazoingia zisizidi 6.

Hatimaye, kapasita ziwekwe karibu na miguu ya kidhibiti, moja upande wa kuingia na nyingine upande wa kutoka. Fyuzi nayo iwe karibu na betri, kwani nyaya zikigusana zinaweza kuwaka moto. Vidhibiti vyenye skrubu ya kurekebisha volti vipimwe kwa mita kwanza, kabla ya kifaa chochote kuunganishwa.